Mtarumbeta unapougua: kusoma dalili za mti wenye sumu katika bustani za Bukavu

Mvua ikikatika mwezi wa Juni, haupiti muda sijaitwa kwenye parseli ya mtu kuangalia mtarumbeta. Mwenye nyumba hunipeleka moja kwa moja hadi langoni, ananionyesha majani yaliyoning'inia kama nguo mbichi kwenye kamba, halafu anauliza dawa. Swali langu la kwanza haligusi majani hayo. Namuuliza: nani aliukata mti huu mara ya mwisho, na matawi aliyapeleka wapi?

Nauliza hivyo kwa sababu mti huu una sumu kuanzia mzizi hadi mbegu. Jani, ua, utomvu, mbegu, hata maji uliyolowekea tawi, vyote vina skopolamini, hiosiamini na atropini. Kiasi hubadilika kati ya mti na mti, na hata katika mti mmoja kati ya sehemu na sehemu, kwa hiyo usimsikilize mtu anayekwambia kidogo hakidhuru. Kila tiba nitakayoieleza hapa inaanza na glavu na shati la mikono mirefu, na inaishia kwenye sabuni: mikono, panga, sekateri. Kati ya hapo hakuna kujifuta jasho machoni.

Tuelewane pia tunasema mti gani. Wengi wetu tunauita datura, na jina hilo linachanganya mimea miwili. Datura yenyewe ni mmea mfupi wa msimu mmoja, maua yake yanatazama juu na tunda lake lina miiba. Huu wetu ni Brugmansia, jina ulilopewa na mtaalamu wa mimea Persoon mwaka 1805: mti unaodumu miaka, unaopita kimo cha mtu, wenye tunda laini na maua marefu yanayoelekea ardhini, mengine yakizidi sentimita 30, yanayonukia usiku ili kuwaita nondo. Mimi nauita mtarumbeta. Sumu zao ni za ukoo mmoja, ila matunzo yao ni tofauti.

Majani yamelala saa saba mchana

Usikimbilie ndoo. Rudi uutazame jioni jua likishapungua, kisha alfajiri. Jani la mtarumbeta ni pana na laini, na jua la mchana hulinyonya maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha. Jioni ukiukuta umesimama tena, mti ni mzima, ulikuwa unajikinga tu. Ukipenda, uweke matandazo ya majani makavu ya ndizi kuzunguka shina, uache nafasi ya kiganja ili gome lisiguswe.

Ukiukuta bado umelala alfajiri, hapo kuna jambo. Chomeka kidole udongoni hadi pingili ya pili. Kukiwa kukavu, una kiu, na mtarumbeta unakunywa kuliko waridi, kuliko hata mgomba mchanga. Mti mkubwa uliopandwa ardhini nautilia ndoo mbili kila baada ya siku mbili au tatu katika kiangazi, polepole, pale kivuli cha matawi kinapoishia na si kwenye shina, kwa maana mizizi inayokunywa iko nje huko. Ulio kwenye chungu unataka maji kila siku, na Julai mara mbili kwa siku. Najua bei ya bidoni la lita 20 bomba linapokauka. Maji yaliyoosha mchele au mboga yanafaa kabisa. Yaliyofulia nguo, yaliyojaa omo na javeli (dawa ya kung'arishia nguo), hapana.

Sasa, kidole kikikuta udongo umelowa na mti bado umelala, simama hapo hapo. Hili ndilo kosa linaloua mitarumbeta mingi Bukavu, na linafanywa na watu wanaoipenda. Udongo wetu mwekundu ni mzito. Ukichimba shimo zuri ndani yake, ukalijaza mboji laini, umetengeneza sufuria: mvua inaingia, haina pa kutokea, mizizi inazama na kuoza. Mzizi uliooza haupandishi maji, basi majani yanalegea vile vile kama ya mti wenye kiu. Mwenye mti akiona hivyo anaongeza maji, na kila ndoo inamalizia kazi. Fukua kidogo pembeni ya shina. Mzizi mzima ni mweupe na mgumu. Uliooza ni wa kahawia, unamenyeka kama ganda la ndizi bovu, na unanuka.

Ukiwahi, ng'oa, kata mizizi yote iliyolainika, panda upya juu ya tuta la sentimita 30 hivi. Punguza matawi kwa theluthi ili mizizi michache iliyobaki isielemewe. Kwenye mteremko, kama Kadutu au nyuma ya Panzi, utaona njia rahisi ni kufungua mfereji maji yashuke. Tazama kwanza yanashukia wapi. Milima yetu imeshaporomoka na nyumba za watu mara nyingi, na mfereji unaolenga msingi wa ukuta wa jirani wa chini si matunzo ya bustani. Tuta ni bora kuliko mfereji.

Dada yangu anayeishi Himbi, Goma, ana shida iliyo kinyume. Kule udongo ni changarawe za volkano, maji unayamwaga na yanapotea ukiwa bado umeshika ndoo. Yeye anachimba shimo pana, anatoa mawe ya lava, anajaza udongo wa kuletwa uliochanganywa na samadi iliyokaa, na anaweka matandazo mazito. Akifuata ushauri wangu wa tuta, mti wake unakauka kwa wiki moja. Kwa hiyo usichukue maelekezo ya mtu kabla hujajua amesimama juu ya udongo gani.

Mwaka wa tatu na hakuna ua

Mama mmoja wa Nguba aliniita. "Baba, miaka mitatu sijaona hata tarumbeta moja, na kwa jirani yanajaa mpaka barabarani. Nimeweka mbolea, nimechoka."

"Pole, Mama. Nani anakata uzio huu?"

"Kijana wa kazi. Kila mwezi wa nane, usawa wa kifua, ili wapita njia wasitazame ndani."

Jibu lilikuwa kwenye panga la yule kijana. Mtarumbeta mchanga hupanda na shina moja lililonyooka, na wakati huo haujui kutoa ua. Unapofika kimo fulani, mara nyingi mita moja na nusu hivi, mingine chini ya hapo, mingine juu, shina linagawanyika na kufanya panda, kama ile ya manati. Maua yanatoka kuanzia kwenye panda kwenda juu. Ukikata chini yake, umeurudisha utotoni: utachipua vizuri, utanenepa, utapanda upya kutafuta panda, na Agosti ijayo kijana atakuja tena na panga.

Kuna njia ya kujua uko wapi hata kama mti umevurugwa. Chukua jani, utazame pale linaposhikana na kikonyo chake. Chini ya panda, pande mbili za jani huanzia mahali pamoja. Juu ya panda, upande mmoja huanzia chini kuliko mwingine, jani linaonekana kama limevaa shati lililofungwa vifungo vibaya. Ukiona majani ya namna hiyo, tawi hilo limeshakomaa kwa maua, usiliguse bila sababu.

Basi ukikata, kata juu ya panda na uache vifundo kadhaa kwenye kila mkono. Mama wa Nguba alitaka uzio wa kifua na alitaka maua. Nilimwambia ukweli kwamba mtarumbeta hauwezi kumpa vyote viwili. Tuliacha miti minne iende juu, chini yake tukapanda uzio mwingine wa kukatwa. Mwaka uliofuata mwezi wa kumi alinipigia simu usiku, akaweka simu karibu na dirisha kana kwamba harufu ingepita.

Elimu hiyo hiyo inasaidia kwenye vipandikizi. Tawi lililotoka juu ya panda linakumbuka umri wake na hutoa maua likiwa bado fupi, linafaa kwa chungu. Lililotoka chini litaanza safari upya, linafaa ukitaka mti mrefu. Kata urefu wa sentimita 20, unene wa kidole, ondoa majani ubakize mawili madogo, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Wiki tatu hivi utakuta mizizi.

Wengine huotesha ndani ya maji, na mimi nilikuwa mmoja wao. Niliweka matawi mawili kwenye chupa ya maji ya kunywa, juu ya meza ya jikoni. Mtoto wa mgeni aliingia na kiu, akaondoa tawi, akainua chupa. Nilimfikia ikiwa kidevuni. Tangu siku ile naotesha kwenye mchanga tu, nje, mahali palipo juu.

Panda ipo na maua hayapo? Tazama kivuli. Chini ya mparachichi mkubwa mtarumbeta hugeuka majani matupu. Unataka jua la asubuhi angalau nusu siku. Tazama na samadi: ile mbichi ya ng'ombe au ya kuku huujaza naitrojeni, majani yanakuwa makubwa ya kujivunia na matumba hayaji. Chungu kikijaa mizizi hadi inatokea chini, hamisha. Na kuwa na subira, maana maua huja kwa mikupuo. Kati ya mkupuo na mkupuo mti unaweza kukaa wiki kadhaa ukiwa mtupu bila ugonjwa wowote.

Matumba yanaanguka kabla ya kufunguka

Hapa sababu ni chache. Udongo ulikauka siku moja au mbili, au chungu kilihamishwa ghafla, au upepo wa ziwani unaupiga mti usiokuwa na kinga. Rudisha maji ya mpangilio, acha kuuhamisha, uegemeze ukuta. Matumba yaliyoanguka yaokote yote. Mtoto anayaona kama vidole vya kijani vya kuchezea.

Majani ya njano

Njano si moja. Majani ya chini yakigeuka machache machache huku ya juu ni mabichi, mti unaacha yaliyozeeka, au una njaa. Mtarumbeta ni mlaji: mboji iliyoiva kila mwezi msimu wa mvua, au konzi ndogo ya mbolea ya dukani, NPK 17-17-17, iliyotawanywa mbali na shina na kumwagiliwa, inatosha. Majani machanga ya juu yakiwa njano na mishipa imebaki kijani, mti haupati madini ya chuma. Kabla hujanunua chochote angalia kama mizizi haijazama, na uulize nani anamwaga majivu ya makala pale. Majivu kidogo hayana neno. Ya kila siku, mahali pamoja, yanageuza udongo mpaka chuma kilichomo hakichukuliki tena.

Njano ya vitone vidogo sana, jani likipoteza mng'ao kama limepakwa vumbi, ni utitiri mwekundu. Huyu ni mdudu wa kiangazi na wa barabara zisizo na lami. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge. Vitone vikianza kutembea, umemkamata. Dawa yangu ya kwanza ni maji tu: osha upande wa chini wa majani kwa nguvu, jioni, siku tatu mfululizo, kisha rudia baada ya wiki, maana mayai hayafi siku ya kwanza. Vidukari na nzi weupe nao wanakaa upande huo huo wa chini. Utawajua kwa utamu unaonata na ukungu mweusi kama masizi unaoota juu yake. Kwao natumia kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja. Jaribu jani moja kwanza, ungoje siku mbili, kwa kuwa majani haya huungua upesi.

Ile dawa ya maji ya tumbaku iliyolowekwa, ambayo wazee wengi huisifia, naomba muiache. Inamdhuru anayepuliza, na inaweza kuuletea mti virusi, jambo nitakalolirudia hapo chini.

Matundu

Matundu makubwa yasiyo na mpangilio, na mstari unaong'aa asubuhi: konokono, wenye nyumba na wasio na nyumba. Toka na tochi saa tatu usiku, waokote. Viwavi na panzi nao wanakula jani hili bila kuanguka. Watu wanashangaa, kwamba sumu ya kumlaza ng'ombe haimzuii konokono. Ndivyo ilivyo, na ndiyo sababu mnyama asiwe kipimo chenu. Sungura wengine wana kimeng'enya cha kuvunja atropini mwilini. Atakula leo, kesho utamwona anaruka. Ng'ombe hana bahati hiyo. Mtoto anayetumwa kukata majani ya sungura na simbilisi kando ya barabara aonyeshwe mti huu kwa kidole na kuambiwa jina lake, mara moja na tena.

Kwa sababu hiyo hiyo siupandi karibu na lengalenga wala matembele. Jani moja changa likianguka kwenye kitunga cha mboga, nani atalitambua likishakatwakatwa?

Jicho moja limekuwa kubwa

Dalili hii ni ya mtunzaji, na watu huja nayo wakiwa na hofu ya kiharusi. Mtu amekata matawi asubuhi, mchana anaona ukungu kwa jicho moja, jua linamchoma, na kwenye kioo mboni ya upande huo imepanuka, ya pili iko sawa. Mara nyingi ni utomvu uliotoka kidoleni ukaingia jichoni. Osha kwa maji safi mengi, dakika kumi na tano, kisha nenda kwa daktari na umwambie ulikuwa unakata mti gani. Asipoambiwa anaweza kutafuta ugonjwa wa ubongo. Mboni huweza kubaki wazi siku kadhaa, usiendeshe pikipiki.

Mtu aliyemeza ni habari nyingine. Kinywa kinakauka, ngozi inakuwa nyekundu na ya moto bila jasho, mboni zote mbili zinapanuka, moyo unakimbia, mkojo unakataa kutoka, kisha anaanza kuongea na watu wasiokuwepo na kushikashika hewa. Si pepo, na usimpeleke kuombewa kwanza. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na tawi lenye jani na ua ndani ya mfuko. Usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta ya mawese ukidhani yatakata sumu. Akichanganyikiwa atapaliwa navyo. Mzuie asijiumize na usimwache peke yake hata njiani.

Majani ya madoadoa, yamejikunja, na ua lina michirizi

Kijani kilichokolea na kilichopauka vikichanganyika kama ramani kwenye jani moja, jani likajisokota, ua jeupe likatoka na michirizi au limekunjamana, huenda ni virusi, na virusi vya mmea havina dawa. Mtarumbeta ni ndugu wa nyanya, viazi mbatata, mbilingani, pilipili na tumbaku, na ndugu hawa wanaambukizana. Mkono uliotoka kusokota tumbaku unatosha. Panga lililokata mti mgonjwa asubuhi na mzima mchana linatosha pia: lisafishe kwa javeli, sehemu moja kwa maji sehemu tisa, kati ya mti na mti. Kukunjika kwa majani peke yake kusikutishe, inawezekana ni vidukari. Wamalize, ungoje majani mapya, ndipo uamue.

Naumia kuandika sehemu hii. Spishi zote saba za Brugmansia zimetoweka porini kule kwao Amerika Kusini. Iliyobaki duniani iko mikononi mwa watu, na inasafiri kwa vipandikizi, tawi kwa tawi, jirani kwa jirani. Tawi la mti mgonjwa linapeleka ugonjwa kwenye parseli nyingine likiwa limefungwa kwa upendo ndani ya gazeti. Mti wenye virusi usigawe, hata ukiombwa vizuri.

Ukiamua kuung'oa, chagua siku kavu. Usichome matawi: moshi wake unabeba sumu ile ile, na moto wa bustani zetu uko daima chini ya dirisha la mtu. Usitupe bondeni; tawi la mtarumbeta linaota pale lilipoangukia, na mbuzi wanashuka huko. Chimba shimo la kina cha goti au zaidi, mbali na maharage na mbali na kisima, katakata, fukia, kanyaga. Nyanya na viazi zisirudi pale msimu unaofuata, panda mahindi.

Shina usiliache ukidhani limekufa kwa kuwa limekauka juu. Fuata mizizi minene uitoe yote, halafu mvua ya kwanza ya Septemba ikishapita, rudi na glavu uangalie kama hakuna chipukizi linalotoka pembeni.